Siku Papa wa Ruti Alipanda Kipoyi

Kama unataka kugombana na Byamungu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, usimguse mke, usimguse shamba. Sema tu mbele yake kwamba ambulansi inabeba mgonjwa vizuri kuliko kipoyi. Atakuwekea kiti, atakupa maji ya kunywa, na utakaa hapo mpaka miguu ife ganzi ukisikiliza majina ya watu wote aliowabeba tangu mwaka 2002: yule mama wa mapacha, yule pasta mnene, yule Bonaventure aliyeanguka kutoka juu ya bati ya kanisa akifukuza kuku. Wote walifika kwa waganga wa hospitali ya Base Camp wakiwa na pumzi. Hakuna mtu aliyekata roho ndani ya kipoyi ya Byamungu. Wengine walikufa kisha, lakini hiyo ilikuwa kati yao na Mungu.

Kipoyi yenyewe ilikuwa miti miwili ya mkaratusi, mirefu, na katikati blanketi zito lililoshonwa mara mbili, mgonjwa analala humo kama mtoto mgongoni. Mbele alibeba Byamungu, nyuma Adolphe. Huyo Adolphe alikuwa jirani, muuza samaki wa chumvi, mtu wa maneno mengi hata akiwa na mzigo begani. Wagonjwa wengine walipona njiani ili tu washuke wasimsikie tena.

Kwa nini Byamungu alibeba watu bure miaka yote ile, mke wake Marthe alijua, na hakupenda kuulizwa. Kule kwao, upande wa Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, vita ilipofika, baba yake Byamungu alikuwa hawezi kutembea. Miti ilikuwepo. Blanketi lilikuwepo. Mtu wa pili ndiye hakuwepo, maana kila mwanaume alikuwa ameshakimbia na watu wake, na Marthe alikuwa na mimba ya miezi nane. Mzee akasema, "Enda, mwana yangu. Weye peke yako utanibeba namna gani?" Byamungu akaenda. Alimwacha kwa mama mmoja jirani, na habari iliyomfuata baada ya miezi mitatu ilikuwa fupi.

Basi, mwaka 2012, kipoyi ilikuwa imetundikwa ukutani. Ambulansi ilikuwa inapita, watu wanapiga simu, na kwa miezi sita hakuna mtu aliyepiga hodi kwa Byamungu. Marthe alianza kuliangalia lile blanketi kwa jicho la mtu mwenye kusikia baridi. Byamungu akawa analitoa kila Jumapili, analianika, analirudisha.

Jumanne moja Adolphe akarudi kutoka Mbarara na kikapu kitupu na mdomo umejaa.

"Yaya," akaita, maana kwao yaya ni kaka mkubwa, "kuko kazi."

"Kazi gani?"

"Kule Ruti, pembeni ya muji. Kuko afande moya wa zamani, Swaibu, iko na baa. Bibi yake, Jolly, njo ananunuaka samaki kwangu. Anasema balishauzisha ile baa, mwenye alinunua anataka fasi ikuwe wazi Jumamosi. Sasa banatafuta batu ba kuhamisha papa."

Byamungu akaacha kunoa jembe. "Papa yake?"

"Papa. Njo vile alisema. Anasema ni muzito, alishazeeka, anataka afike huku ku ziwa yetu muzima. Akibakia kule batu batamukula."

"Batamukula?"

"Batamukulia feza, njo alitaka kusema. Batu ba muji unabajua."

Byamungu alitaka kusikia kwa masikio yake. Wakapiga simu. Swaibu alikuwa na Kiswahili cha jeshi, kile kinachotembea na mabuti, lakini walielewana vizuri sana. Hiyo ndiyo ilikuwa shida.

"Afande, papa iko na miaka ngapi?"

"Hapa kwangu, kumi na mbili. Ya mbele mimi hapana jua."

Byamungu akajiambia, mzee amehamia kwa mwanawe miaka kumi na mbili, ni mwana mzuri. "Anatembea?"

"Kutembea hapana. Yeye nazunguka tu humo ndani. Mchana nalala."

"Na kukula?"

"Zamani nakula sana. Sasa hii wiki mbili, kidogo tu. Naweka maini kwa mdomo, yeye natema."

"Masikini. Meno iko?"

"Meno iko. Mwaka jana alikata mimi kidole."

Hilo halikumshtua Byamungu. Alikuwa amebeba wazee wa kuuma, wa kutema mate, na mmoja wa kuimba. "Ijumaa tutafika, afande."

"Kuja mpole mpole, mzee. Mimi nataka yeye kufika na uhai."

"Atafika," Byamungu akasema, na kifua kikapanda kidogo. "Ku kipoyi yangu banafikaka."

Ijumaa asubuhi walipanda nyuma ya pikapu ya viazi, saa tatu wako Ruti. Byamungu alikuwa amevaa koti la kanisani na kofia. Mlangoni kwa baa alisimama Jolly, mama mkubwa wa mwili na mdogo wa subira. Aliona ile miti, akaijua mara moja, maana Wanyankole nao wanabeba wagonjwa vilevile.

"Engozi ya nini, ssebo? Nani iko mgonjwa?"

"Tulikuya kubeba papa, mama."

"Papa iko ndani," Jolly akasema polepole. "Lakini mnapeleka yeye na engozi?"

Byamungu akavua kofia, akaingia. Ukuta mzima wa upande wa kushoto ulikuwa kioo, tangi la maji refu kama vitanda vitatu, limebanwa na mikanda ya chuma. Juu yake mtu alichora samaki mwenye meno kama msumeno, na kuandika kwa rangi nyekundu: PAPA. Byamungu hakusoma. Alipita kaunta, akapita makreti ya soda, akafika kwenye mlango wa chumba cha nyuma, akainama kwa heshima.

"Hodi, papa. Tulikuya."

Jolly alicheka mpaka akakalia kreti. Mume wake akatoka jikoni, mwanaume mrefu wa mabega ya kuinama, mkono mmoja umefungwa kitambaa, na yeye hakucheka. Akanyoosha kidole kwenye kioo. Kwenye kona, chini, lilikuwa limejikunja dude la kijivu, nene kama paja, refu kama mtoto wa darasa la tano, macho madogo, na badala ya mapezi kamba nne nyembamba zinazoning'inia.

Ilibidi Swaibu aeleze. Zamani jeshini walimtuma kusindikiza lori mpaka Mombasa, akaona sokoni samaki mkali wa bahari, wakamwambia jina lake ni papa. Aliporudi na kufungua baa, mvuvi mmoja akamletea huyu, akiwa mdogo kama kidole gumba. Swaibu akamwita papa, akamchorea meno, na kwa miaka kumi na mbili Mbarara nzima ilikuja kunywa bia mbele ya mnyama wa bahari. Nani angekataa? Bahari ni siku mbili kwa basi. Na Byamungu naye, mtu wa ziwa Tanganyika, anajua migebuka, anajua dagaa, lakini papa anajua mmoja tu, yule aliyekuzaa.

Akarudisha kofia kichwani. Uso wake ulikuwa umefunga.

"Adolphe. Tugeuke."

"Mzee," Swaibu akasema. "Ngoja. Mimi ni mtu ya Mamba."

Adolphe akapanda juu ya kiti. "Mamba iko wapi?"

"Hii hapa. Kwa Baganda, mamba ni hii samaki ya matope, kwa ziwa iko mingi. Papa ni jina ya biashara tu."

"Afande," Adolphe akasema akiwa bado juu ya kiti, "samaki yako iko na majina mbili, yote mbili ya bongo, ya uongo tu."

"Shuka kwa kiti yangu," Jolly akasema.

Swaibu aliendelea kumwangalia Byamungu. Akaeleza kwamba ukoo wake unaitwa Mamba, na mtu wa ukoo ule hamli huyu samaki, hata mchuzi wake hagusi, ni kama ndugu. Alimlea miaka yote ile bila kuwaambia wateja, maana askari anaogopa kuchekwa. Sasa mwenye baa mpya alishatangaza kwamba Jumamosi kutakuwa na supu. Supu ya papa. Watu walishaweka nafasi ya meza.

"Na juu ya nini haumubebe weye mwenyewe?" Byamungu akauliza.

Swaibu akainua mkono wenye kitambaa. "Nilijaribu jana. Peke yangu nashindwa. Na kila mtu mimi naita, yeye nakuja na panga."

Byamungu alikuwa ameshafika mlangoni, kofia kichwani, miti begani. Kisha akaiweka chini, akavua kofia tena, akaomba kiti.

Kiti hakikuwa cha kupumzika. Alikisogeza mbele ya kioo, akakaa, akaanza kumwangalia yule samaki vile alivyozoea kuangalia mgonjwa kabla ya kumgusa. Swaibu alikuwa ametayarisha pipa la kumsafirishia, la kujazwa maji mpaka juu na kufungwa kifuniko. Samaki akapanda taratibu, akatoa mdomo nje ya maji, akavuta hewa kwa sauti, akashuka. Muda wa mtu kumaliza sigara moja, akapanda tena.

"Huyu iko na pumu," Byamungu akasema. "Mukimufungia mu pipa, atakufa sababu ya maji."

"Samaki afe sababu ya maji," Adolphe akasema. "Yaya, leo unazidi."

"Angalia. Anavuta pumuzi sawa vile mama Mariette, ule tulibebaka, alikuwa anavuta. Kichwa iko lazima kikae nje. Blanketi ikuwe na maji, kichwa kikae juu, basi."

Swaibu alisogea karibu na kioo. "Kila asubuhi yeye nakuja juu hivi," akasema. "Mimi nafikiri yeye nasalimia mimi." Jolly akainuka, akaenda kuleta beseni.

Basi wakaanza kuvunja lile tangi. Samaki wengine wa humo, ngege wadogo kumi na moja, Jolly aliwatoa na beseni, akawapeleka kwenye kidimbwi cha kaka yake nyuma ya nyumba. Maji walianza kuyatoa na mpira, polepole, ili mkubwa asishtuke. Byamungu alisema hakuna kugusa chuma mpaka maji yaishe. Adolphe alisikia vizuri, lakini spana ilikuwa mkononi, na mkono wa Adolphe haujawahi kupumzika na kitu ndani yake. Alilegeza mkanda wa kona, kidogo tu, kujaribu. Kioo kikasema ta, kona ikafunguka, na maji yote yaliyobaki yakaingia baa.

Yalibeba viti. Yalibeba sandali za Jolly. Yalimbeba na samaki, akateleza kati ya meza kama mlevi anayetafuta choo, akagonga mguu wa kaunta na ubavu, akatulia.

"Musimushike," Byamungu akasema.

Hakuna mtu aliyekuwa na mpango wa kumshika. Swaibu alikuwa amesimama kwenye maji, mikono kichwani. Byamungu akapiga magoti na suruali yake ya kanisani. Mtu aliyevunjika mgongo hainuliwi, kitanda ndicho kinaingia chini yake, na hiyo ndiyo kazi aliyoijua kuliko wote. Walililoweka blanketi, wakalikunja upande, wakaanza kulisukuma chini ya mkia, kidogo, kidogo, mpaka tumbo, mpaka shingo. Samaki aligeuka mara moja tu na kuuma mti wa mkaratusi, akabaki ameung'ang'ania.

"Muache aume," Byamungu akasema. "Mwenye kuuma angali na nguvu."

Vioo vilivyobaki Adolphe alivifungua peke yake, kimoja kimoja, akavipanga ukutani, huku Jolly anapiga deki na kumwambia yale aliyostahili, nusu kwa Kinyankole ili yachome zaidi.

Pikapu ilikuwa ya rafiki wa Swaibu. Swaibu alikaa mbele. Nyuma Byamungu alikaa na kichwa cha samaki kwenye koti lake alilolikunja kama mto, na Adolphe na jerikani mbili za maji. Mpaka lami ilipoisha, mambo yalikuwa mazuri: samaki anavuta hewa, Adolphe anamwagia maji, Byamungu anamwambia samaki, "Tuko karibu, papa," kwa mazoea tu, maana ndivyo alivyowaambia wote. Kwenye vumbi ndipo jerikani moja ilipoonekana imetoboka. Ya pili iliisha kabla ya kilima cha mwisho. Jua lilikuwa juu. Ngozi ya samaki, iliyokuwa inateleza kama sabuni, ikaanza kushika mkono. Muda wa sigara ukapita, mdomo haukufunguka. Ukapita tena.

Byamungu aliweka kiganja nyuma ya kile kichwa na kukiacha hapo. Adolphe alimwangalia uso, na kwa mara ya kwanza hakuona kitu cha kuchekea. Byamungu akagonga bati ya pikapu.

"Pitisha kwangu, afande. Ni hapa mbele."

Marthe alikuwa anangoja nje, amevaa kitenge kipya. Mume wake alimwambia analeta mzee wa watu, basi alikuwa ametandika kitanda, amepika uji wa mtama, na kuweka kivulini beseni kubwa ya maji ya kumwogeshea mgeni vumbi la njia. Alisogea kwenye pikapu, akainama kidogo.

"Karibu, papa," akasema. Kisha akaangalia ndani ya blanketi.

Akamgeukia mume wake. "Byamungu. Papa iko wapi?"

"Njo huyu."

"Huyu."

"Njo huyu, mama. Anakauka. Lete maji."

Mwanamke mwingine angeuliza. Marthe aliangalia macho ya mume wake, akaenda, akaleta beseni. Hakumwaga kama anayemwaga maji kwa samaki. Alichota na kikombe, akaanza shingoni, akashuka mgongoni, akapitisha kiganja pale ubavuni palipogongwa.

"Maji iko moto?" Byamungu akauliza.

"Nilichanganya asubuhi. Ilishapoa."

Kikombe cha sita, au cha saba, mdomo ukafunguka. Hewa ikaingia kwa sauti, kama mtu anayeonja chai ya moto. Swaibu, aliyekuwa ameshika ukingo wa pikapu, akageuka upande mwingine na kuangalia mihogo ya watu.

"Na uji?" Marthe akauliza.

Uji aliunywa Adolphe, wote, amesimama.

Kutoka hapo gari haikuweza kwenda mbele. Njia ya kwenda kwenye mafunjo ya ziwa ni ya miguu, na Byamungu alichagua upande wa mafunjo mazito ambapo mitumbwi haiingii na wavuvi hawategi nyavu. Akachukua mbele. Adolphe akainama kuchukua nyuma, lakini Swaibu alikuwa ameshaweka miti mabegani.

"Mkono yako, afande," Byamungu akasema.

"Mkono si bega."

Wakaenda. Sasa, watu wa Nakivale wakiona kipoyi inapita, imefunikwa, hawaulizi sana. Wanatoka njiani. Wanaume wanavua kofia. Aliyekuwa analima anaweka jembe chini na kuja kuulizia kama wanataka bega lingine. Mzee mmoja, Nehemiya, akatembea nao kidogo.

"Ni nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Papa," Adolphe akasema.

"Papa ya nani?"

"Ya huyu afande."

Nehemiya akamwangalia yule mwanaume mrefu mwenye kitambaa mkononi na jasho machoni. "Pole sana, afande," akasema. "Nguvu." Akaweka mkono chini ya mti, akasaidia mpaka kwenye mteremko. Na mama wawili waliotoka kuchota maji wakasimama kando, wakamwambia pole, na Swaibu akajibu kila mmoja, "Asante, nyabo," bila kuinua uso. Miaka kumi na mbili alikuwa na huyu ndugu, na hakuna mtu aliyewahi kumpa pole yoyote. Adolphe, ambaye angeweza kuharibu yote kwa neno moja, alitembea nyuma kimya, na kwake hiyo ilikuwa kazi nzito kuliko kubeba.

Waliingia majini mpaka magotini. Wakashusha kipoyi taratibu, blanketi likajaa maji, samaki akabaki amelala ndani yake kama yuko kitandani. Byamungu akatoa kofia, akatia mikono yote miwili chini ya tumbo, akamsukuma mbele. Samaki akazama. Matope yakapanda, maji yakafunga.

Wakangoja. Hakuna kitu.

"Amekufa?" Swaibu akauliza.

"Sijue."

"Wewe alisema kwa kipoyi yako watu nafika."

"Nilisema. Tungoje."

Wakakaa kwenye nyasi zilizolala, watatu, viatu vimejaa maji. Byamungu hakuondoa macho. Muda wa sigara ukapita. Alikuwa amewabeba watu mia na kitu, na sasa alikuwa amekaa hapo anaombea samaki wa baa, na hakuona aibu. Muda mwingine ukapita. Swaibu alikuwa anafungua kile kitambaa cha mkono na kukifunga, anakifungua na kukifunga.

Kisha pale karibu na mafunjo, upande wa kushoto, maji yakafanya duara, mdomo wa kijivu ukatoka, na ile sauti ikasikika, ya chai ya moto.

"Njo yeye," Byamungu akasema.

Swaibu alikuwa ameshasimama. Kabla hajajibu, sauti nyingine ikatoka mbali zaidi, kulia. Halafu nyingine, ndani kabisa ya mafunjo, fasi wasiyoweza kuiona.

"Hapana," Swaibu akasema. "Ile ya kwanza si yeye. Yeye ni ile ya pili. Mimi najua pumzi yake."

"Afande, nilimubeba. Ni ya kwanza."

"Miaka kumi na mbili, mzee."

"Mimi ninasema ni ya tatu," Adolphe akasema, na wote wawili wakamwambia anyamaze.

Hawakukubaliana. Marthe alipofika kuwaita waje kula, aliwakuta wamekaa vilevile, wamenyoosha vidole pande tofauti za ziwa, wanabishana kwa sauti ya chini kama watu walio kwenye chumba cha mgonjwa anayelala, na majini pumzi zinazidi kutoka, moja hapa, moja kule.